Sura ya Saba: Mwenye Duka na Kiti cha Wadi

Kila msimu wa kura unapokaribia, swali hili husikika katika soko la Wakulima mjini Nakuru, kwenye vituo vya bodaboda Kaptembwo na katika vikao vya vyama vya akiba kule Molo na Gilgil: "Mimi nina duka tu. Naweza kweli kusimama?" Mara nyingi anayeuliza amekwisha kujijibu. Sina digrii. Sina pesa. Sina mtu wa kunishika mkono huko juu.

Sura hii inayapima majibu hayo matatu. La kwanza ni hofu ya bure. La pili lina ukweli, ila wengi huliangalia upande mmoja tu. La tatu ndilo zito zaidi katika Bonde la Ufa. Baada ya hayo tutauliza jambo ambalo wagombea wengi hulikumbuka mambo yakishaharibika: duka litabaki na nani?

Nakuru ni mahali pazuri pa kujifunzia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti hii, na tarehe 1 Desemba 2021 mji wa Nakuru ukapewa hadhi ya jiji, wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kaunti ina maeneobunge 11 na wadi 55, na wadi moja katikati ya jiji inaitwa Biashara. Viazi vya Molo, maua ya Naivasha, malori ya Salgaa, mitumba, gereji za jua kali na mama mboga wa kila kona vinalisha familia nyingi hapa. Mtu akitaka kuwawakilisha watu hawa, kuwahi kuuza kitu si sifa ndogo.

Kiti chenyewe ni kipi?

Mwakilishi wadi, ambaye Wakenya wengi humwita MCA, ni mjumbe wa bunge la kaunti. Kabla ya 2013 kulikuwa na madiwani waliokaa katika mabaraza ya miji na wilaya. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, na uchaguzi wa Machi 2013 ukaleta wawakilishi wadi wa kwanza.

Tuseme mtaro wa maji mbele ya vibanda vyenu Rhonda umeziba, na mvua ikinyesha maji yanaingia hadi kwenye magunia ya unga. Nani aulizwe?

- Mwakilishi wadi huchaguliwa na wananchi. Kazi zake ni tatu: kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuikagua serikali ya gavana. Kama mtaro haumo kwenye bajeti, muulize yeye.
- Msimamizi wa wadi ameajiriwa na kaunti ili asimamie huduma za kila siku. Kama mtaro umetengewa fedha na bado haujazibuliwa, anza na yeye.
- Chifu ni mtu wa serikali kuu. Usalama na baraza la wananchi ni kazi yake, mtaro wa soko sio.
- Mbunge hukaa Nairobi na hutunga sheria za nchi. Fedha za maendeleo ya eneobunge, zinazojulikana kama NG-CDF, huenda zaidi kwenye shule, karo na usalama.

Katiba imezipa kaunti masoko, leseni za biashara, leseni za pombe, barabara za kaunti, zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea na uzoaji taka. Karibu kila kinachomgusa mwenye duka kati ya kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni kimo katika orodha hiyo. Hata askari wa kanjo anayekuja kuuliza leseni ametumwa na kaunti.

Jambo moja husahaulika sana. Mwakilishi wadi hashiki mkoba wa fedha za barabara. Yeye huzipigia kura, kisha serikali ya gavana huzitumia, naye hurudi kukagua zilivyotumika. Mgombea anayeahidi "nitawajengea barabara" anaahidi kwa mkono wa mtu mwingine. Anayeahidi "nitahakikisha barabara hii imo kwenye bajeti, na nitawaletea karatasi muione" anaijua kazi.

Kwa ufupi: kiti cha wadi ni kiti cha sheria, bajeti na ukaguzi. Mambo yanayoamuliwa hapo ndiyo yaleyale yanayomsumbua mfanyabiashara mdogo.

Jibu la kwanza: "Sina digrii"

Hofu hii ina chanzo chake. Sheria ya Uchaguzi iliwahi kuweka sharti la digrii kwa wagombea wa wadi. Utekelezaji wake uliahirishwa, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sharti hilo linakwenda kinyume cha Katiba. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, wagombea wa wadi wasio na digrii walikuwa kwenye karatasi za kura kama wengine.

Haya ndiyo yanayotakiwa:

- Uwe mpiga kura aliyesajiliwa, na uwe raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka kumi kabla ya uchaguzi.
- Uteuliwe na chama cha siasa, au usimame kama mgombea huru ukiwa na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo wanaokuunga mkono.
- Usiwe mtumishi wa umma. Aliye kazini serikalini hujiuzulu kwanza.
- Usiwe unatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, wala usiwe umethibitishwa kutumia vibaya ofisi ya umma.
- Usiwe mtu aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika na bado hajaondolewa hali hiyo.

Sharti la mwisho huwatia wafanyabiashara wasiwasi usio na sababu. Kufilisika kisheria ni uamuzi wa mahakama baada ya kesi. Kuwa na mkopo wa benki, deni la sacco au mzigo wa dukani ambao hujamaliza kuulipia hakukuzuii kugombea.

Ada ya Tume ya Uchaguzi (IEBC) kwa mgombea wa wadi mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake, shilingi 2,500, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Chama cha siasa hutoza ada yake kando, na kila chama hupanga kiwango chake.

Anayefikiria kuwa mgombea huru awe macho. Sheria inamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Katikati ya 2021 Wakenya wengi walishangaa kukuta mtandaoni kwamba wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hakiki jina lako mapema kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, na kama limeingizwa usikotaka, jiondoe.

Waliopita njia hii

Safari ya kutoka biashara hadi siasa katika Bonde la Ufa la kati ina historia ndefu. Watu watatu wanaonyesha sura zake tatu.

Njenga Karume alizaliwa mwaka 1929 Elementaita, katika shamba la Lord Delamere. Alianza kwa biashara ya makaa, akaja kuwa msambazaji mkubwa wa bia. Miaka ya 1970 aliongoza GEMA, umoja uliowaleta pamoja Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mwaka 1974 aliteuliwa kuwa mbunge, mwaka 1979 akachaguliwa Kiambaa, na katika serikali ya Mwai Kibaki akawa Waziri wa Ulinzi. Mlango wake ulikuwa chama cha watu: aliaminiwa na wafanyabiashara wenzake kabla ya kuaminiwa na wapiga kura.

Kihika Kimani alipitia ardhi. Aliongoza Ngwataniro, mojawapo ya kampuni za kununua mashamba zilizoshamiri Nakuru baada ya uhuru. Wananchi walichanga kidogo kidogo, kampuni ikanunua shamba la mlowezi anayeondoka, kisha wenye hisa wakagawana. Mwaka 1974 Kihika alichaguliwa mbunge wa Nakuru Kaskazini. Binti yake, Susan Kihika, alikuwa spika wa bunge la kwanza la kaunti ya Nakuru kuanzia 2013, akawa seneta 2017 na gavana 2022. Lakini kampuni za aina hiyo ziliacha pia jeraha. Wengi walilalamikia hisa zisizo na shamba na mashamba yasiyo na hati, hadi miaka ya 1980 serikali ya Rais Moi ikaamuru zivunjwe na watu wapewe hati zao. Anayeshika michango ya maelfu ya watu yumo ndani ya siasa hata kabla hajachukua fomu, na hesabu zake zitaulizwa na wajukuu.

Tabitha Karanja aliuza vifaa vya ujenzi katika duka Naivasha. Mwaka 1997, pamoja na mume wake Joseph, alianzisha Keroche, kampuni iliyotengeneza mvinyo wa bei nafuu. Kodi ya mvinyo ilipopandishwa mwaka 2007, biashara ile ikayumba, na mwaka 2008 akaingia kwenye bia katika soko lililotawaliwa kwa miaka mingi na East African Breweries. Kampuni yake imevutana na Mamlaka ya Mapato kwa muda mrefu, na kiwanda kilifungwa kwa sababu ya kodi mwaka 2022. Agosti mwaka huohuo wapiga kura wa Nakuru walimchagua kuwa seneta kwa tikiti ya chama cha UDA.

Watatu hawa walikwenda mbali kuliko wadi, na walikuwa wamekwisha kuwa matajiri. Hata hivyo kuna kitu wanachoshiriki na mama wa duka la Kaptembwo: wote walifika kwenye kura wakiwa tayari wanategemewa kwa jambo fulani. Katika wadi, jambo hilo linaweza kuwa dogo sana. Ni yule aliyeweka hesabu za kamati ya soko miaka mitano na hakuna aliyewahi kulalamika. Ni fundi aliyefuatilia taa ya barabarani mpaka ikawaka.

Siasa ya kabla ya kura

Mtu anayengoja mwaka wa uchaguzi ndipo aanze kutumikia amechelewa. Bajeti ya kaunti hupangwa kila mwaka, na Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Kushirikishwa huku ni vikao ambapo mapendekezo husomwa na wakazi hutoa maoni. Vikao vingi huhudhuriwa na watu walewale wachache, kwa hiyo kundi la wafanyabiashara kumi waliojiandaa husikika.

Kalenda yenyewe ni hii:

- Kufikia 1 Septemba: serikali ya kaunti hupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Mradi usiotajwa hapa huwa na kazi ngumu kuingia baadaye.
- Kufikia 28 Februari: hupelekwa mwelekeo wa fedha, yaani karatasi inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani.
- Kufikia 30 Aprili: makadirio ya bajeti hufika bungeni.
- 1 Julai: mwaka mpya wa fedha huanza.

Kuna pia Mswada wa Fedha wa kaunti, unaotaja ada za mwaka: leseni ya biashara, ushuru wa soko, maegesho. Wafanyabiashara wengi huujua siku kanjo anapokuja kudai kiwango kipya. Ungekuwa umesomwa kikaoni, malalamiko yangefika kabla haujawa sheria.

Turudi kwenye mtaro wa Rhonda. Wenye vibanda wanakutana, wanapiga picha za maji yaliyofurika, wanaandika ukurasa mmoja: mtaro uko wapi, una urefu gani, vibanda vingapi vimeathirika. Wanaupeleka kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa mwakilishi, na wawili wao wanausoma katika kikao cha mpango wa mwaka. Wakipuuzwa, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti. Kazi hiyo haihitaji fulana, gari la vipaza sauti wala chama. Mtu atakayeishika mpaka mwisho atakuwa amejifunza ofisi zote atakazozihitaji akichaguliwa, na majirani watakuwa wamemwona akifanya kazi.

Kamati ya soko, bodi ya shule, kamati ya maji, sacco ya matatu na kamati ya usalama ya Nyumba Kumi ni madarasa ya namna hiyohiyo. Humo ndimo utagundua pia kama unaweza kuvumilia mkutano wa saa tatu usiofikia makubaliano.

Kwa ufupi: huduma kwa jamii ina kalenda na karatasi zake. Mfanyabiashara anayezijua ana nguvu hata kabla ya kuwa na cheo.

Jibu la pili: "Sina pesa"

Ni kweli kampeni inagharimu. Kuna ada, mabango, mafuta ya pikipiki, simu, na mawakala wa kulinda kura katika kila kituo. Kuna pia ile gharama isiyoandikwa popote: mkono unaonyooshwa kila mahali, "Mheshimiwa, tuachie kitu." Kumpa mpiga kura pesa ili akuchague ni kosa la jinai, na anayepokea ana hatia sawa na anayetoa. Wakenya wengi wanalijua hilo na desturi bado inaendelea.

Hapa ndipo watu hukosea hesabu. Nakuru ina wapiga kura zaidi ya milioni moja, kwa hiyo wadi ya wastani haipungukiwi na wapiga kura 18,000. Hakuna duka linaloweza kuwalisha wote. Mgombea mwenye duka akiingia katika mashindano ya kugawa, atashindwa na mwenye mfuko mkubwa zaidi, na pia atakuwa amewafundisha watu kumpima kwa kipimo ambacho hana.

Duka lenyewe lina hatari zake. Ya kwanza ni daftari la madeni. Mteja anayedaiwa shilingi 800 akisikia unagombea, huenda akaacha kulipa, kwa kuwa sasa anaona wewe ndiye unayemhitaji. Ukimdai kwa ukali, jioni mtaa mzima utajua kwamba mheshimiwa ana roho ngumu. Ukinyamaza, wengine ishirini watafuata. Ya pili ni wateja wa upande wa pili: wanaomuunga mkono mpinzani wako watahamia duka jingine, na baadhi hawatarudi. Ya tatu ni bidhaa zinazotoka kwenye rafu kwenda kwenye mikutano bila kuandikwa.

Dawa yake ni nidhamu ambayo mwenye duka anaijua tayari:

- Tenga kiasi cha kampeni mapema, kiweke kwenye akaunti yake, na kikiisha kimeisha.
- Usikope kwa dhamana ya duka wala ya shamba la familia.
- Tangaza mapema kwamba madeni ya dukani ni ya dukani, na umwachie mtu mwingine kuyadai.
- Kila kinachotoka kwenye rafu kiandikwe, hata maji ya chupa moja.

Anayeitazama kura kama mtaji wa kurudishwa na faida atalazimika kuitafuta faida hiyo mahali fulani, na mahali pekee ilipo ni fedha za umma. Ndiyo maana kampeni ya bei ghali huzaa kiongozi wa bei ghali.

Jibu la tatu: "Sina mtu juu"

Jibu hili lina uzito. Desemba 2012 Uhuru Kenyatta na William Ruto walitangaza muungano wao katika Uwanja wa Afraha, hapa Nakuru. Tangu hapo sehemu kubwa ya kaunti imekwenda na mawimbi ya vyama: muungano wa Jubilee 2013, chama cha Jubilee 2017, UDA 2022. Wimbi likiwa kali, ushindani wa kweli huwa katika mchujo, yaani uchaguzi wa ndani wa chama. Aliyekosa tikiti hupanda mlima akisimama peke yake.

Suala la kabila limo ndani ya jambo hilo. Nakuru ina Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wamaasai, Waturkana na wengine wengi. Vurugu za miaka ya 1990 kule Molo na Njoro, na zile za Januari 2008 mjini Nakuru na Naivasha, ziliua watu, zikachoma nyumba na vibanda. Wafanyabiashara walijifunza kwa uchungu kwamba soko haliwezi kuwa la kabila moja. Muuza viazi anamhitaji dereva, dereva anamhitaji muuza chakula, na wote watatu huenda wasiwe na lugha moja ya mama.

Huo ndio mtaji wa kweli wa mwenye duka. Kwa miaka amewauzia watu wa kila jamii kwa bei moja na mizani moja. Hakuna wimbi linaloweza kumpa mtu sifa hiyo miezi mitatu kabla ya kura. Katika mchujo wa wadi, ambapo mara nyingi kura mia chache huamua, sifa hiyo inaweza kutosha. Wala asijidanganye: mahali pengine haitatosha, na mgombea mwenye akili hupima hali ya wadi yake kabla ya kulipa ada ya chama.

Duka litabaki na nani?

Ukishinda, biashara na ofisi lazima zitengane. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 inamtaka kiongozi atangaze maslahi yake pale yanapogongana na kazi ya umma. Duka lako la vifaa vya ujenzi halipaswi kuuza saruji kwa kaunti unayoikagua, hata kwa jina la shemeji. Ukishindwa, unarudi kaunta kesho yake asubuhi kuwahudumia watu walewale, wakiwemo waliokunyima kura. Anayeweza kufanya hivyo bila kisirani bado ana nafasi miaka mitano ijayo.

Kabla ya kuchukua fomu, jibu maswali haya kwa maandishi:

1. Ni jambo gani moja katika wadi yangu limekamilika kwa sababu nililifuatilia?
2. Ni nani atakayeendesha duka kwa mwaka mzima, na amekubali?
3. Ni kiasi gani cha pesa ninaweza kupoteza bila watoto kukosa karo?
4. Je, nimewahi kusoma bajeti ya kaunti yangu, hata kurasa za wadi yangu tu?
5. Watu wa jamii isiyo yangu wananiamini kwa lipi?

Mwenye majibu matano achukue fomu. Uchaguzi mkuu umepangwa tarehe 10 Agosti 2027. Mwenye majibu mawili au matatu asikate tamaa, wala asikimbilie mabango. Aulize katika ofisi ya wadi kikao kijacho cha bajeti kitafanyika lini, aende na majirani wawili, na azungumze.